Unga, Tui na Sukuma Wiki Uingereza: Kipi Ulipie, Kipi Ubadilishe

Anayetoka Mombasa au Mwanza kwenda kuishi Uingereza hashindwi kupata vyakula vya kwao. Kinachomuumiza ni bei, hasa ya unga.

Pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi wa Jogoo au Pembe katika duka la Kiafrika London imeshapita bandari na mikono mingi, na mnunuzi ndiye anayelipia safari yote. Mbadala upo, ila uchague kwa makini. Pakiti iliyoandikwa "cornflour" ni wanga wa kuufanya mchuzi uwe mzito. Ukiusonga utapata gundi. Polenta ya Kiitaliano ni chenga, na ile ya haraka imeshaivishwa kiwandani, kwa hiyo haishikani. Semolina wengi huikimbilia kwa urahisi wake, lakini hiyo ni ngano, haina ladha ya mahindi. "Cornmeal" laini ya maduka ya Wakaribea inafaa, ingawa mara nyingi ni ya njano, na Mkenya aliyekula mahindi ya njano wakati wa ukame wa 1984 huenda asiitamani tena.

Mimi nachagua unga mweupe wa Afrika Kusini, kama Iwisa. Ni mkavu na mzito kidogo kuliko sembe tuliyoizoea, hivyo uache uji uchemke hadi utoe harufu ya kuiva ndipo uongeze unga na kusonga, kisha ufunike kwa moto mdogo. Mfuko mkubwa mkigawana na jirani, bei inashuka na unga hauozi kabatini.

Tui nalo lina mitego yake. Usinunue lile la boksi linalokaa pamoja na maziwa ya kunywa; nazi iliyomo ni kidogo mno. Kwenye kopo, soma asilimia ya nazi nyuma, kwa sababu makopo mawili ya mililita 400 yanaweza kufanana kwa sura na kupishana sana kwa nazi. Kopo likikaa mahali pa baridi bila kutikiswa, juu hujitenga tui zito. Hilo liweke la mwisho, na lililobaki chini likoroge na maji upate tui jepesi la kuanzia samaki au maharage. Ila kwa mpikaji wa kila siku hakuna kinachoshinda kipande cha "creamed coconut" cha gramu 200: ni nyama ya nazi iliyosagwa ikawa bonge gumu. Unakwangua kiasi unachotaka kwenye maji ya moto, na kinachobaki hakiharibiki kesho yake.

Mboga zisikusumbue. "Spring greens" za sokoni ni ndugu wa karibu kabisa wa sukuma wiki. Zikate nyembamba, kaanga na kitunguu na nyanya, basi. Kisamvu cha kugandishwa tafuta kwa Wakongo, wanaokiita pondu au saka-saka.

Vilivyobaki, nenda kwa Wahindi: Southall au Green Street hapo London, au Melton Road kule Leicester, mji uliopokea Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Choroko, mbaazi, samli, bizari, vyote vipo, na hata mihogo iliyogandishwa, ambayo wao huiandika "mogo".

Na popote unaponunua, linganisha kwa kilo. Supermarket hulazimika kuonyesha bei kwa kipimo, kama vile kilo, kwenye kibandiko cha rafu, mara nyingi kwa herufi ndogo chini ya bei kubwa. Maduka madogo yamesamehewa sharti hilo, kwa hiyo piga hesabu kwa simu. Tuseme kichupa cha iliki cha gramu 28 ni pauni 2.50: hiyo ni kama pauni 89 kwa kilo. Pakiti ya gramu 100 kwa pauni 4 ni pauni 40 kwa kilo. Lakini ukipanda treni kwa ajili ya iliki peke yake, nauli inameza faida yote. Subiri orodha iwe ndefu.

Ukienda likizo nyumbani, usirudi na samli wala nyama kavu: vya maziwa na nyama kutoka Afrika Mashariki haviruhusiwi kuingia, na vitachukuliwa uwanja wa ndege. Kilo hizo za begi zibebee karafuu na pilipili manga.