Miale ya Gama na Deni la Ngomeni

Wapwani wenzangu, huku Nyacheki, Kisii, ninakofundisha fizikia, mwanafunzi wa kidato cha nne aliniuliza: miale ya gama inayotoka mbali angani huzaliwa wapi? Swali hilo wataalamu bado wanalizozania, na historia yake inapita kwetu Pwani.

Hewa huizuia gama isifike ardhini, kwa hiyo kipimo lazima kipandishwe juu. Tarehe 15 Novemba 1972 setilaiti ya Marekani, SAS-2, ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kwa miezi saba hivi ikapima gama ya angani, miongoni mwa setilaiti za kwanza kabisa kufanya kazi hiyo. Kabla yake, tarehe 12 Disemba 1970, jukwaa hilo lilirusha setilaiti ya eksirei iliyopewa jina Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu.

Setilaiti zilizofuata zilionyesha kuwa kwasa nazo hutoa gama. Kwasa ni kiini kinachong'aa cha galaksi ya mbali, na katikati yake mna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya majua. Baadhi ya kwasa hufyatua mkondo mwembamba wa chembe, unaokwenda karibu na kasi ya mwanga.

Gama huzaliwa ndani ya mkondo huo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba elektroni zenye kasi hugonga mwanga wa kawaida na kuupa nguvu, kama mpira unaokutana na lori linalokuja mbio: huruka kwa kasi kubwa zaidi.

Mzozo ni mahali. Juni 2015 setilaiti ya Fermi iliona gama ya kwasa 3C 279 ikipanda na kushuka kwa dakika chache. Chanzo kikubwa hakiwezi kubadilika upesi hivyo, basi lazima kiwe kidogo, na penye udogo huo ni karibu na shimo. Lakini karibu na shimo mwanga umesongamana mno, nao huimeza gama kabla haijatoka. Wapo pia wanaosema protoni zinachangia. Hao walipata nguvu tarehe 22 Septemba 2017, nyutrino iliyonaswa Ncha ya Kusini ilipoelekeza kwenye mkondo wa namna hii, TXS 0506+056, uliokuwa ukiwaka gama wakati huo.

Wanafunzi wangu hawakuwahi kusikia habari za San Marco. Hilo silishangai, Kisii ni mbali na bahari. Linaloniuma ni kwamba hata Malindi vijana wengi hulijua jukwaa lile kama vyuma vya Wazungu tu. Walimu wa Kilifi, wapelekeni watoto Ngomeni wakalione, na muwaeleze lilifanya nini. Atakayelijibu swali la gama huenda yumo darasani mwenu.