Betri ya pikipiki inapolala na watoto

Ngokolo, Shinyanga. Saa nne usiku pikipiki ya umeme imeegeshwa uani, betri iko ndani inachajiwa, hatua mbili kutoka godoro la watoto. Baba yao, dereva wa bodaboda, anasema nje itaibiwa, na soketi anayo hiyo hiyo moja.

Kigali na Nairobi madereva wa Ampersand hubadilisha betri vituoni. Yeye anategemea LUKU ya nyumba ya kupanga. Betri ikila uniti 3 kwa siku, mwezi ni uniti 90, wakati daraja nafuu la TANESCO, D1, linaishia 75. Wapangaji wenzake wameshaanza kununa.

Mimi nahofia zaidi moshi. Betri ya lithiamu ikiwaka hutoa gesi zenye sumu; mwaka 2023 moto wa betri hizo uliua watu 18 jijini New York. Ichaji ukiwa macho, mbali na godoro na mlango, kwa chaja yake halisi. Ikivimba au kunuka, toa watoto kwanza.

Mwenye nyumba amemruhusu kutumia stoo ya uani. Gharama ya fundi wa kuvuta waya ni juu yake.