Siku ya kusema "Mimi ni Mmarekani"

Jumapili ya Mei 18, 1941, mamia ya maelfu ya watu walifurika bustani ya Central Park, New York, kwa sherehe ambayo jina lake lilikuwa sentensi nzima: Siku ya Mimi ni Mmarekani. Rais Franklin Roosevelt alikuwa ameitia saini Mei 3 mwaka uliotangulia, wiki moja kabla Hitler hajazivamia Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Kila Jumapili ya tatu ya Mei, taifa lilitakiwa kuwakaribisha raia wake wapya, yaani vijana waliotimiza miaka 21 na wahamiaji waliokwisha kula kiapo.

Hotuba inayokumbukwa ya siku ile ni ya Harold Ickes, waziri ambaye kwa serikali zetu tungemwita wa ardhi na maliasili. Huyu ndiye aliyemfungulia Marian Anderson ngazi za mnara wa Lincoln mwaka 1939, mwimbaji huyo aliponyimwa ukumbi Washington kwa sababu ni mweusi. Ickes aliuliza Mmarekani ni nani, akajibu kwamba si suala la damu wala rangi: ni yeyote apendaye haki, anayeamini utu wa binadamu na aliye tayari kuupigania uhuru wake. Kisha akaja kwenye hoja iliyomleta: Uingereza isaidiwe, tena haraka.

Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, lakini harufu ya baruti ilishafika. Wale vijana wa kiume wa miaka 21 walikuwa wanapongezwa kwa kupata kura katika umri uleule ambao sheria ya Septemba 1940 iliwataka wajiandikishe kwa ajili ya jeshi. Wahamiaji wasio raia nao walishapanga foleni posta kuchukuliwa alama za vidole. Waliandikishwa karibu milioni 5.

Neno letu raia tumelitoa kwa Waarabu, na asili yake ni kundi linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. Mwezi huohuo wa Mei 1941, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa kusini mwa Ethiopia wakipigana na Waitaliano. Wao walikuwa raia kwa maana hiyo ya kale tu. Hakuna aliyewauliza wao ni nani.

Jambo linalonikera katika historia ya siku hii ni wapigadebe wake. Tajiri wa magazeti William Randolph Hearst aliivalia njuga tangu 1939, na magazeti yake hayohayo ndiyo yaliyokuwa yamewahubiria Wakalifornia kwa miongo kadhaa kwamba Wajapani ni hatari. Mjapani aliyehamia Marekani hata hakuruhusiwa kula kile kiapo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishalikata suala hilo mwaka 1922. Watoto wake waliozaliwa huko walikuwa raia kwa kuzaliwa, na Mei ile, waliotimiza miaka 21 miongoni mwao walikuwa wageni halali wa sherehe.

Desemba 7 Japani ikashambulia Pearl Harbor. Kesho yake, huko Oakland, mwenye duka mmoja wa asili ya Kijapani, mhitimu wa Chuo Kikuu cha California, alibandika kibao kikubwa dukani: MIMI NI MMAREKANI. Lilikuwa jina la sherehe ile, neno kwa neno. Mpigapicha Dorothea Lange alilipiga picha duka hilo Machi 1942. Katika picha hiyo kibao bado kipo, na juu yake pamewekwa tangazo kwamba duka limeuzwa. Kwa amri aliyoitia Roosevelt saini Februari 19, watu wa asili ya Kijapani wapatao 120,000 waliondolewa pwani ya magharibi na kufungiwa makambini, theluthi mbili yao wakiwa raia. Ickes, ambaye wizara yake ilikabidhiwa makambi hayo mwaka 1944, alimwandikia Roosevelt akimhimiza ayafunge.

Siku hiyo iliendelea kuadhimishwa Mei hadi Februari 1952, Congress, bunge la Marekani, ilipoibadili sikukuu ikaitwa Siku ya Uraia na kuihamishia Septemba 17. Miezi michache baadaye ikapita sheria nyingine iliyowaruhusu Wajapani waliohamia kula kiapo. Wengi walikuwa vikongwe kufikia hapo, na baadhi yao walikwenda kuapa wakisindikizwa na watoto waliowahi kufungwa nao kambini.