Mimea Inavyojikinga na Wadudu, na Faida Yake kwa Mkulima

Mkulima wa kunde au nyanya katika Kaunti ya Kilifi hahitaji kuelezwa gharama ya wadudu. Viwavi wakionekana shambani jioni, asubuhi pampu ya dawa iko mgongoni. Shida ni kwamba majani ya kunde ni mboga. Yakichumwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kwisha, mabaki ya sumu hufika sokoni, na kutoka sokoni huingia kwenye sufuria. Mkulima anayepuliza bila glavu wala barakoa naye huipata sehemu yake.

Kwa sababu hii, wanasayansi katika nchi mbalimbali wamekuwa wakichunguza jinsi mimea yenyewe inavyopambana na wadudu. Mmea hauwezi kukimbia wala kumfukuza kiwavi, lakini mingi hutengeneza kemikali za kujilinda. Baadhi ya kemikali hizo tunazifahamu. Pareto, ambayo Kenya iliwahi kuongoza duniani katika uzalishaji wake, hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Mwarobaini huvuruga ukuaji wake, akashindwa kujivua ngozi. Kundi lisilojulikana sana ni lile la peptidi.

Peptidi ni nini?

Protini tunayoipata kwenye maharagwe, samaki au maziwa imeundwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, vilivyoungana kama shanga kwenye uzi. Uzi ukiwa mrefu huitwa protini. Ukiwa mfupi, wenye shanga chache au makumi kadhaa tu, huitwa peptidi.

Peptidi za kinga hazifanyi kazi zote kwa njia moja. Nyingine hutoa taarifa. Mwaka 1972, watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa mbawakavu akitafuna jani moja la mnyanya au la mmea wa viazi, majani mengine ambayo hayajaguswa huanza kutengeneza protini zinazozuia usagaji wa chakula tumboni mwa mdudu. Mwaka 1991 maabara ya Clarence Ryan, iliyofanya utafiti ule wa kwanza, ilitambua peptidi inayopeleka taarifa hiyo kwenye mnyanya. Ina asidi amino 18 tu na iliitwa sistemini. Kwa hiyo jani lililoumwa huwaonya wenzake.

Kinga iliyomo ndani ya kunde

Kunde nazo zina kinga yao. Mbegu zake huwa na protini ndogo inayozuia tripsini, kimeng'enya ambacho viwavi wengi hutumia kusaga protini. Kiwavi hula, lakini chakula hakimfai, akadumaa. Mwaka 1987, watafiti wa Uingereza walihamisha jeni ya kizuizi hicho kutoka kwa kunde hadi kwenye tumbaku, na tumbaku hiyo ikawastahimili viwavi vizuri zaidi kuliko ile ya kawaida.

Hata hivyo, mkulima yeyote aliyeweka kunde kwenye gunia la kawaida anajua kwamba fukusi hutoboa mbegu hizo hizo. Sababu ni kwamba fukusi wa kunde hutegemea zaidi vimeng'enya vya aina nyingine, visivyozuiwa na kinga hiyo. Kwa ufupi, kinga inayomshinda mdudu mmoja inaweza kumpita mwingine bila kumdhuru. Jambo hili ni muhimu kukumbuka kila muuzaji anapodai kuwa dawa yake "inaua wadudu wote."

Vizuizi hivi pia ni mojawapo ya sababu za kutokula maharagwe na kunde kavu bila kuziivisha vizuri. Kuchemsha hadi ziive hupunguza nguvu ya vizuizi hivyo, na huharibu sumu nyingine iliyo katika maharagwe mabichi ambayo husababisha kutapika na kuhara.

Kutoka Kongo hadi mashamba ya pamba

Peptidi zilizovuta macho ya watafiti wengi zaidi huitwa saiklotidi. Habari zake zilianzia Kongo. Katika miaka ya 1960, daktari wa Norway, Lorents Gran, aliyekuwa akihudumu huko, aliona kuwa wanawake walichemsha mmea unaoitwa kalata-kalata na kuutumia kuharakisha uchungu wa uzazi. Alichunguza mmea huo na kupata peptidi iliyopewa jina la kalata B1. Umbo lake kamili lilijulikana mwaka 1995.

Umbo hilo ndilo linaloipa nguvu. Uzi wa peptidi za kawaida una ncha mbili, na vimeng'enya huanzia hapo kuukata. Uzi wa kalata B1, wenye asidi amino 29, umeungana ncha kwa ncha ukawa duara, kisha ukafungwa katikati kwa viungo vitatu vya salfa mithili ya fundo. Kwa sababu hiyo haivunjiki kwa urahisi, hata ikichemshwa.

Kazi yake kwa mmea ilianza kueleweka mwaka 2001, watafiti wa Australia walipoichanganya na chakula cha viwavi wa jamii ya wale wanaotoboa vitumba vya pamba. Viwavi walidumaa na wengine wakafa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa peptidi hiyo hushambulia utando wa seli za utumbo wa kiwavi. Seli huvimba na kupasuka, naye hawezi tena kula vizuri. Ndugu wa kiwavi huyo wapo Kenya, na hushambulia nyanya, mbaazi, mahindi na pamba.

Mmea tunaoujua Pwani

Saiklotidi zipo pia kwenye mmea ambao wafugaji wa Pwani wanaufahamu. Ni klitoria, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, wenye maua ya rangi ya buluu. Watafiti wa kituo cha Mtwapa, ambacho leo kiko chini ya KALRO, waliufanyia majaribio kama lishe ya ng'ombe wa maziwa, ukipandwa pamoja na nyasi za nepia. Huko Thailand na Malaysia, maua yake hutumika kutia rangi chai na wali.

Nchini Australia, zao la mmea huo limetengenezwa kuwa dawa ya kuua wadudu iitwayo Sero-X, ambayo imesajiliwa huko kwa matumizi ya kilimo, ikiwemo kwenye pamba. Huo ni mfano kwamba kinga ya mmea inaweza kutoka maabara na kufika shambani.

Je, mkulima achemshe klitoria apulize?

Jibu ni hapana. Kwanza, kiasi cha peptidi hutofautiana kati ya mmea na mmea, na hata kati ya mbegu, jani na mzizi. Anayechemsha nyumbani hana njia ya kupima nguvu ya maji yale. Pili, peptidi hizi hufanya kazi hasa mdudu anapozila. Kiwavi aliyekwisha kuingia ndani ya nyanya hatapatikana kwa kupuliza juu ya jani. Tatu, kitu kuwa cha asili si dhamana ya usalama. Peptidi ile ile ya kalata-kalata hukaza misuli ya mfuko wa uzazi. Mama mjamzito asijaribu mmea wowote kwa nia ya kuharakisha kujifungua, bali aende kliniki.

Iko pia sheria. Nchini Kenya, dawa ya wadudu hairuhusiwi kuuzwa kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu, PCPB, iwe imetokana na mmea au kiwandani. Chupa isiyo na kibandiko wala nambari ya usajili isinunuliwe, hata kama muuzaji anasema ni "ya miti shamba."

Hatua za kuchukua sasa

Wakati utafiti ukiendelea, wakazi wanaweza kupunguza sumu shambani na mezani kwa njia zifuatazo:

• Kagua shamba mara kwa mara, ukitazama pia chini ya majani, na upulize tu pale wadudu wanapokuwa wengi kiasi cha kuleta hasara. Viwavi wachanga ni rahisi kuwadhibiti kuliko waliokomaa.

• Soma kibandiko na uhesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Kama kunde zinachumwa majani kila wiki, mwulize afisa wa kilimo dawa inayofaa kwa mboga.

• Badilisha aina ya dawa kulingana na jinsi inavyofanya kazi. Kubadilisha jina la chupa peke yake hakutoshi. Wadudu huzoea dawa inayorudiwa.

• Panda mbegu za aina zinazostahimili wadudu pale zinapopatikana, na ubadilishe mazao msimu hadi msimu.

• Kausha kunde vizuri, kisha zihifadhi kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Fukusi hufa kwa kukosa hewa, bila dawa yoyote. Teknolojia hiyo ilibuniwa hasa kwa ajili ya kunde.

• Vaa glavu, barakoa na buti unapopuliza. Usitumie chupa tupu za dawa kuwekea maji au mafuta ya kupikia.

Mkulima mwenye swali kuhusu mdudu asiyemfahamu, au dawa aliyouziwa, achukue jani lililoathirika pamoja na chupa yenyewe na kufika kwa afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kupuliza.