Harrison: Aliyetemwa kila kona, akaja kuwa mfalme wa Steelers

TAMPA, Florida, Februari 1, 2009. Zimebaki sekunde 18 kwenda mapumziko kwenye fainali ya Super Bowl. Pittsburgh Steelers wanaongoza 10-7, lakini Arizona Cardinals wapo yadi moja tu kutoka mstari wa kufungia. Kila mtu uwanjani anaona bao linakuja.

Mpango wa Steelers ulikuwa James Harrison amvamie Kurt Warner, yule anayepanga na kurusha mipira ya Cardinals. Harrison akafanya kama anakwenda, kisha akarudi nyuma na kuingia kwenye njia ya pasi. Warner hakumwona. Mpira ukatua mikononi mwa Harrison na jamaa akaanza kukimbia, kutoka lango moja hadi lango la pili, yadi 100, huku Cardinals wakimrukia mmoja baada ya mwingine. Larry Fitzgerald alimdaka mwishoni kabisa, wakaanguka pamoja ndani ya eneo la kufungia. Badala ya 14-10 kwa Cardinals, ikawa 17-7 kwa Steelers. Harrison alibaki amelala chini, pumzi imekata.

Steelers walishinda 27-23. Toa mbio zile, hesabu inakataa.

Sasa kinachoshangaza ni kwamba mtu huyu hakutakiwa na timu yoyote.

HAKUNA ALIYEMTAJA

Kwa wasiofuatilia mchezo huu, ligi ya NFL ina timu 32 na kila mwaka hukaa kuchagua wachezaji kutoka vyuo vikuu kwa raundi saba. Mwaka 2002 walitajwa vijana zaidi ya 250. Harrison, mtoto wa mwisho katika familia ya watoto 14 kutoka Akron, Ohio, hakuwemo. Alisoma Kent State, chuo ambacho si jina kubwa kwenye mchezo huo, na hata pale aliingia timuni bila ufadhili wa michezo.

Tatizo kubwa lilikuwa umbo. Nafasi yake ni ya mlinzi wa mstari wa pili, anayetakiwa kuzuia wakimbiaji na kumwangusha mrushaji. Harrison ana urefu wa takriban mita 1.83, na maskauti wakasema ni mfupi. Walichosahau ni kwamba mtu mfupi mwenye nguvu anaingia chini ya kifua cha mlinzi mrefu na kumng'oa. Baadaye walilipia.

Steelers walimchukua kwa majaribio, wakamtema, wakamrudisha, wakamtema tena. Na tuseme ukweli, yeye mwenyewe alichangia. Mfumo ulikuwa haumwingii, na mazoezini alikuwa akisimama katikati ya zoezi na kutaka atolewe. Baltimore Ravens wakamchukua, wakampeleka Ujerumani kucheza Rhein Fire katika ligi ya NFL ya Ulaya, naye aliporudi wakamwacha. Alianza kufikiria kuachana na mpira na kuwa dereva wa malori.

MKONO WA HAGGANS

Mwaka 2004 Clark Haggans wa Steelers aliumia mkono akinyanyua vyuma. Steelers wakahitaji mtu wa kuziba pengo, wakampigia Harrison. Novemba mwaka huo, Joey Porter alitolewa kwa kupigana kabla hata mechi na Cleveland Browns haijaanza. Harrison akaanza kwa mara ya kwanza. Hata hivyo alisubiri hadi 2007, Porter alipoondoka, ndipo nafasi ikawa yake moja kwa moja.

Msimu wa 2008, akiwa na miaka 30, aliwaangusha warushaji mara 16 na kutajwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima. Hakuna ambaye hakuchaguliwa vyuoni aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake. Mkataba mpya ukafuata, miaka sita, dola milioni 51.

Hakuwa malaika. Oktoba 2010 alipigwa faini ya dola 75,000 kwa kumgonga Mohamed Massaquoi wa Cleveland, akasusa na kusema anafikiria kustaafu. Desemba 2011 alifungiwa mechi moja kwa kumgonga Colt McCoy kwa kofia. Alilalamika kwamba anaandamwa, ila kwa mchezo ambao wastaafu wake wanateseka kwa majeraha ya ubongo, ligi ilikuwa na hoja.

Alipita Cincinnati Bengals 2013, akatangaza kustaafu Septemba 2014, na mwezi haujaisha akarudi Steelers kwa sababu mwenzake ameumia. Tena! Mwaka 2016, akiwa na miaka 38, alivunja rekodi ya klabu ya kuangusha warushaji. Alimaliza Pittsburgh akiwa na 80 na nusu. Hiyo nusu hutokana na wawili kumwangusha mtu pamoja.

Desemba 2017 Steelers wakamtema kwa mara ya mwisho. Siku tatu baadaye akasaini kwa wapinzani wao New England Patriots, na katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya New York Jets, akamwangusha mrushaji mara mbili. Alicheza fainali nyingine, wakafungwa 41-33 na Philadelphia Eagles, na Aprili 2018 akaaga jumla.