Tundu Linalosoma Virusi

Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, walisoma jenomu 311 za virusi vya korona kutoka sampuli zilizochukuliwa Pwani ya Kenya, Kaunti ya Kwale ikiwemo, kati ya Machi 17 na Julai 31, 2020. Asilimia 74 zilikuwa za ukoo wa B.1. Koo za A, B na B.4 zilionekana kwa wasafiri waliorejea nchini na watu waliopimwa mpakani na Tanzania, ambako lango la Kwale ni Lunga Lunga. Hizo hazikusambaa sana.

Kilichosoma jenomu hizo ni tundu la protini. Protini hupachikwa kwenye utando usiopitisha umeme, ndani ya maji ya chumvi. Volteji ikiwekwa, ayoni hupenya tunduni na mkondo wake hupimwa. Uzi wa DNA ukiingia, mkondo hushuka kwa kiasi kinachotegemea herufi zilizo ndani: A, C, G au T. Korona ina RNA, kwa hiyo hunakiliwa kwanza kuwa DNA.

Protini za asili hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1996 Kasianowicz, Brandin, Branton na Deamer walipitisha nyuzi kwenye sumu ya bakteria iitwayo alfa-hemolisini, lakini shingo yake ni ndefu, herufi nyingi hukaa humo pamoja. MspA, protini ya bakteria wa jamii ya yule wa kifua kikuu, ina shingo fupi. Tatizo, shingo hiyo ina aspateti yenye chaji hasi, na DNA nayo ni hasi, zinasukumana. Mwaka 2008 Butler, Gundlach na wenzao waliweka asparajini, isiyo na chaji, mahali patatu katika kila kipande kati ya vipande 8 vya protini hiyo. DNA ikapita. Kwangu hapa ndipo penye uzuri wa fani hii: hakuna aliyetoboa chochote. Ilibadilishwa jeni, bakteria wakalijenga tundu wenyewe.

Ikabaki kasi, maana uzi ulipita kwa maikrosekunde chache kwa kila herufi. Kimeng'enya cha helikasi kikafanywa breki, hadi herufi kama 450 kwa sekunde.

Kifaa kimoja cha kusomea kwa matundu ya aina hii, MinION, ni chepesi. Kingetosha mezani Msambweni, Kwale, kusaidia kutambua virusi, maana huko homa ya dengue na chikungunya hufanana mno na malaria. Lakini seli zake za kusomea hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, tena kwa muda maalumu tu. Wahandisi wa protini wamelishughulikia sana umbo la tundu. Sasa naomba walishughulikie joto la Ukunda, huko huko Kwale.