USIIDHARAU BAISKELI

Siku hizi hata dukani tunakwenda kwa bodaboda. Baiskeli tunaidharau. Lakini huko Uingereza ipo sheria ya mwaka 1999. Mwajiri akiwaazima wafanyakazi baiskeli za kwendea kazini, hawatozwi kodi kwa faida hiyo. Mara nyingi gharama hukatwa kidogo kidogo katika mshahara, kabla ya kodi.

Kwa nini serikali iache fedha zake? Mwili usioshughulishwa hupata upesi shinikizo la damu na kisukari.

Kasoro ipo. Makato hayaruhusiwi kushusha mshahara chini ya kima cha chini. Basi maskini huachwa nje.

Mtu mzima anahitaji dakika 150 kwa wiki. Shamba liko mbali? Panda baiskeli. Ukiona kizunguzungu, njoo zahanati tukupime.